Kisanduku Kisichogeuzwa

Nilisikia feni kabla sijamwona dada yangu. Nilikuwa bado kwenye ngazi za jengo alikopanga chumba, pale Homa Bay, mkono mmoja ukipapasa ukuta kwa sababu ngazi hazikuwa na dirisha wala balbu, na kutoka juu ikanijia sauti ile: mvumo mkavu usiopumzika, kama mdudu aliyenaswa ndani ya kopo. Niliijua. Ilikuwa laptopu yake ya zamani, na ilikuwa inaiga.

Neno hilo ni lake. Dada yangu mkubwa huandika programu za bodi ndogo, zile zinazotoshea kwenye kiganja, ambazo hufungwa ndani ya kifaa na kuachwa huko zifanye kazi moja maisha yao yote. Bodi kama hiyo ni dhaifu mno kujitengenezea programu yake. Lazima itengenezewe kwenye kompyuta kubwa kisha ihamishiwe. Aliniambia kuna njia mbili. Ya kwanza aliita kuiga: laptopu inajifanya kuwa ile bodi, inaweka kando akili yake na kufikiri kama kitu kidogo kuliko yenyewe, hatua kwa hatua, na kazi inakula siku nzima huku feni ikilia. Ya pili aliita kuvusha: laptopu inabaki kuwa laptopu, lakini inaandika kwa lugha ya bodi, maneno ambayo yenyewe haiwezi kuyatumia. Kuvusha kunaisha kabla chai haijachemka. Ubaya wake ni kwamba ni lazima useme kwa usahihi unamwandikia nani.

Siku aliponieleza hayo nilifurahi kama mtoto. Nilimwambia kwamba mimi ninayewaza kwa Dholuo na kuandika riwaya kwa Kiswahili ni mtu wa kuvusha.

"Ndiyo maana wasomaji wako wanasinzia," alisema. "Hukuwauliza wao ni bodi ya aina gani."

Siku hii ninayoisimulia hapakuwa na utani. Nilikuwa nimetumwa na wakwe zake kutoka Muhuru Bay. Mume wake alikuwa ametoka alasiri moja na mashua yake, peke yake, kwenda kuangalia nyavu, na hakurudi. Wiki zilikuwa zimepita. Waliomtafuta walipata dumu la kuelea na kasia moja, basi. Ziwa halikutoa mashua wala mtu. Kwa hiyo wazee wa boma walikuwa wameamua kwamba Jumamosi watazika yago.

Kwetu, mtu akimezwa na maji na mwili usionekane, haachwi bila kaburi. Huangushwa tunda la yago, lile refu na zito linaloning'inia mtini kwa kamba yake kama mguu wa mtu aliyelala, likavishwa nguo ya marehemu, likawekwa kwenye jeneza, likaliliwa na kufukiwa. Kuanzia hapo amekufa kweli. Watoto wake ni yatima na mke wake ni mjane. Nilitumwa kuleta vitu viwili: dada yangu, na shati ambalo mumewe alilivaa mara ya mwisho alipomtembelea mjini, ambalo halijafuliwa. Wazee walitaka nguo yenye jasho lake.

Nilisukuma mlango. Alikuwa amekaa kitandani, laptopu kwenye kiti mbele yake, mapazia yamefungwa mchana kweupe. Chumba kilinuka plastiki iliyopata moto. Shati lilikuwa limetundikwa kwenye msumari juu ya kichwa chake, la samawati, kola imeota weusi.

"Umetumwa," alisema bila kugeuka.

"Nimetumwa."

"Kamwambie baba mkwe simziki mtu aliye hai kwa tunda."

Nikakaa karibu naye. Kwenye skrini maneno yalipanda taratibu, mstari juu ya mstari. Yalipofika mwisho, mstari mmoja ukageuka kijani, na simu yake iliyokuwa juu ya mto ikalia mara moja. Alinionyesha ujumbe. Ulisema mashua imepinduka, na chini yake zikafuata namba za mahali.

"Umeona? Nimeipindua humu ndani tena na tena. Kila mara inaita. Kila mara, dadangu. Kwa hiyo kama mashua yake ingepinduka, kisanduku nilichokifunga mle kingeita. Hakikuita. Basi haikupinduka. Amevuka mpaka bila kujua, amezuiliwa huko, au injini imekufa akasukumwa kisiwani. Yuko mahali."

Aliongea kwa sauti ya mtu anayesoma hesabu ubaoni. Kisha akabonyeza, na feni ikaanza tena.

Inabidi nirudi nyuma kidogo, ufukweni, kwa sababu kila kitu kinatoka hapo.

Visanduku hivyo alivitengeneza kwa ajili ya mashua za ufuo wa mumewe. Ndani ya kila kimoja kuna bodi, betri, laini ya simu na kipande kinachohisi mwelekeo. Mashua ikilala chini juu, kisanduku kinatuma ujumbe kwenye simu ya dada na ya mwenyekiti wa ufuo, kusema iko wapi. Bodi mpya alizopata hazikutosha mashua zote. Mumewe akasema wape wengine, watu wasije wakasema mke wangu ananipendelea. Yeye na mdogo wake wakachukua bodi za zamani, zile ambazo dada alianzia kujifunza. Ya tatu ya aina hiyo ilibaki kabatini kama akiba.

Nilikuwepo siku alipokwenda kuvifunga. Wanawake walikuwa wameanika omena, dagaa wa ziwani, kwenye nyavu, kutoka majini mpaka kwenye vibanda, ufuo mzima uking'aa kama bati, na sisi tukipita tukizikanyaga kingo.

"Mwalimu wa kompyuta!" mmoja alimpigia kelele. "Sisi tunaomba mashua zisipinduke, wewe umekuja na kitu kinachongoja zipinduke!"

"Mama, hakingoji. Kinalinda tu."

"Hata fisi huwa analinda tu!"

Wakacheka mpaka mmoja akaketi juu ya omena zake.

Dada alifunga kisanduku chini ya ubao wa kukalia kwenye mashua ya mumewe. Taa ya kijani ikawaka. Kisha akafanya kile ambacho fundi yeyote angefanya: akakifungua tena ili akigeuze chini juu, aone kama kitaita. Shemeji yangu akamshika mkono.

"Hapana. Si ndani ya chombo changu."

"Ni kujaribu tu, dakika moja."

"Kujaribu nini? Kuzama?"

"Si mnaipindua mashua nzima mkiziba nyufa?"

"Hiyo ni kazi. Mashua ikipinduliwa kwa kazi, inajua ni kazi. Ukiipindua kwa mchezo, kwa kuigiza, unaita maafa yaje." Alisema kwa upole, lakini mdogo wake na wanaume wawili waliokuwa karibu walikuwa wameacha kushona nyavu, wanatazama. "Ukikigeuza hiki mbele ya hawa, kesho hakuna atakayekubali kisanduku chako. Nenda ukageuze huko kwa mashine yako. Si umesema inaweza kujifanya?"

Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe shemeji, mwandishi wa uongo, usije ukaandika kwamba niliogopa sanduku."

Dada alikubali. Alirudi Homa Bay, akageuza huko kwa mashine yake. Laptopu ikajifanya bodi, akailisha namba za mashua inayopinduka, na programu ikaita. Ikapita. Kila aliporekebisha kitu, aliijaribu hivyo hivyo, na kila mara ikapita, ndipo akaenda kuihamishia kwenye visanduku. Ufuo mzima, hakuna kisanduku kilichowahi kugeuzwa kwa mkono.

Hayo yote nilikuwa nayajua nilipokaa naye kitandani. Ambacho sikukijua ni kwa nini kisanduku cha akiba kilikuwa juu ya kabati, kimefunikwa kwa kofia ya mumewe.

"Hicho ni cha aina ya chake?" niliuliza.

"Ndicho."

"Kina programu ile ile?"

"Ile ile."

"Basi kigeuze."

Aliongeza mwanga wa skrini, kisha akaupunguza. Nilifikiri hakunisikia, nikasema tena, na hapo akanitazama kwa mara ya kwanza tangu nifike. Macho yake yalikuwa makavu kabisa. Nimeandika machozi mengi katika riwaya zangu na sijawahi kuandika ukavu ule.

"Kila kitu kimepita," alisema. "Cha nini kukigeuza?"

Nililala hapo kwake. Nilimpigia simu baba mkwe wake, nikamwambia dada hayuko tayari. Asubuhi nilishuka kununua mandazi, na niliporudi feni ilikuwa bado inalia, na mkwe wake alikuwa amekaa kwenye kiti cha pekee chenye mgongo. Alikuwa ametoka Muhuru Bay alfajiri. Mzee mwembamba, koti la suti juu ya fulana, mfuko wa nailoni umekunjwa mapajani. Laptopu ilikuwa imehamishwa sakafuni kwa ajili yake.

"Nimekuja kuchukua shati," aliniambia, kana kwamba mimi ndiye mwenye chumba. Tuliongea Dholuo, lakini nayaandika kama ninavyoandika mambo yetu yote.

"Baba, nimesema bado," dada alisema.

"Bado nini, nyathina, mwanangu? Watu wako kwenye hema. Tunda limeshaangushwa, liko kivulini kwenye kibanda cha nyavu, mama yake amelifunika blanketi. Unajua kitu kama hicho kinavyomfanya mama? Anaingia kulitazama. Jana nilimkuta anafukuza nzi juu yake."

Dada alitazama chini.

"Unasema yuko hai," mzee aliendelea. "Nani amekwambia? Nataka kumjua. Kama ni mtu, nimpigie simu. Kama ni hiyo," akainua kidevu kuelekea laptopu, "basi inieleze na mimi."

Akamweleza. Nilimsikiliza dada yangu akimweleza mzee yule mambo ya kuiga na kuvusha kwa uvumilivu ambao sikuwahi kupewa mimi. Alisema mwanzoni programu yote aliitengeneza kwa kuiga, polepole, sawasawa. Lakini stima ya Homa Bay ilikuwa ikikatika kila mara, betri ya laptopu imekufa, na kila ilipokatika kazi ya kutwa ilianza upya. Kwa hiyo ilipobidi arekebishe ile sehemu ya mwisho, sehemu inayoamka mashua ikipinduka na kutuma ujumbe, hakuiga. Aliivusha. Ikaisha upesi. Akaijaribu kwenye ile inayojifanya bodi, ikapita.

Nilimwona akitazama mbele yake kama mtu aliyefika kwenye mto ambao siku zote alijua upo.

"Halafu?" mzee akauliza.

"Nilipovusha, nilipaswa kusema ni ya bodi ipi."

"Ulisema?"

"Nilisema mpya." Sauti yake ilishuka. "Nadhani nilisema mpya. Ukikaa kimya, yenyewe inadhani mpya."

Mzee hakuelewa, na hakujifanya ameelewa. Aligeuza uso kwangu ili nimsaidie. Dada akainuka. Aliondoa ile kofia juu ya kabati, akaiweka kitandani kwa uangalifu, mdomo wa kofia ukitazama juu, kisha akachukua kisanduku. Akakiwasha. Taa ya kijani ikawaka, tulivu, kama ilivyowaka siku ile ufukweni. Akachomeka waya kutoka kwenye kisanduku mpaka kwenye laptopu, na ile iliyokuwa inaiga akaisimamisha.

Feni ikafa. Sikuwa nimejua jinsi kelele ile ilivyokuwa imejaa mle chumbani mpaka ilipoondoka na nikasikia mzee akipumua kupitia puani.

"Unafanya nini?" alisema. Alikuwa ameona jinsi alivyokishika, mikono miwili, viganja pembeni. "Usikigeuze. Nyathina, usikigeuze mimi nikiwa hapa."

"Baba, yule ambaye tungemwogopea ameshaenda majini."

Akakigeuza.

Taa ilibaki kijani kwa muda wa kumeza mate. Kisha ikazimika. Simu juu ya mto ilibaki kimya. Tuliitazama wote watatu, hata mzee. Kwenye skrini ya laptopu yalitokea maneno mawili tu ya Kiingereza, yanayosema kwamba bodi imepewa amri isiyoijua. Hakuna kingine kilichofuata. Dada alikirudisha wima, akakiwasha upya, taa ikawaka. Akakigeuza tena, ikazimika vile vile. Simu haikulia.

"Laptopu ilizijua amri hizo," alisema. Hakuwa anatuambia sisi. "Ilipojifanya bodi ya zamani, ilijifanya bodi bora kuliko ile. Kila amri iliikubali. Kila kitu nilichoipa, ilikubali."

"Ina maana gani?" mzee aliuliza.

"Ina maana kilifika mahali pa kuita, na kuita hakikujua."

"Kwa hiyo mashua..."

"Amekufa, baba."

Mzee alikunja ule mfuko wa nailoni mara nyingine, na mwingine, mpaka ukawa mdogo kama bahasha. Nilikuwa nimetegemea aseme kitu cha kikabila, kitu cha wazee, neno la kufunga mambo. Badala yake alimtazama dada kama mtoto aliyenyang'anywa kitu.

"Ungekiacha tu," alisema. "Mimi nimeangusha tunda, ndiyo. Lakini kila asubuhi nilikuwa nasema, mke wake amekataa, mke wake anajua mambo ya mashine. Ungekiacha tu, nyathina."

Dada aliketi karibu na miguu yake, sakafuni. Hawakugusana. Kwa mkwe na mke wa mwana kuna umbali ambao haukanyagwi, hata siku kama hiyo. Walikaa hivyo, kila mmoja akitazama kona yake, na mimi nikiwa nimesimama na mandazi yangu yaliyopoa.

Ni mzee aliyekumbuka kwanza.

"Mdogo wake," alisema. "Anatoka kila siku kumtafuta. Ana kama hiki?"

"Ana kama hiki."

Alitoa simu yake ndogo, akapiga, akaongea kwa ukali kupita kiasi: arudi ufukweni, sasa hivi, asiulize. Kutoka upande wa pili tulisikia upepo na sauti ya kijana ikisema yuko karibu, anakuja. Mzee akakata simu na kuibana kifuani.

Dada alikuwa ameshafungua laptopu kwenye mapaja. Hakuiga. Aliandika mstari mmoja, polepole, na katikati ya mstari huo akataja bodi ya zamani kwa jina lake kamili, herufi baada ya herufi. Feni ilivuta pumzi moja fupi, ikatulia. Hiyo ilikuwa yote. Kazi iliyomkosa mume wake ilichukua muda wa kushona kifungo. Alihamishia programu kwenye kisanduku cha akiba, akang'oa waya, akaniwekea mikononi. Kilikuwa chepesi, bado na joto la viganja vyake. Taa ya kijani iliwaka.

"Hiki ni cha mdogo wa mume wangu," alisema. "Hakitoki humu bila kugeuzwa. Kikiita, kilete Muhuru kesho, umpe mkononi, asiende majini kabla. Kisipoita, nipigie."

"Tukigeuze sasa, ukiwepo."

"Mimi sikigeuzi tena."

Akapanda juu ya kitanda, akatungua shati kwenye msumari. Hakulinusa, kitu ambacho mimi ningemfanya akifanye kama ningekuwa namwandika. Alilikunja kama nguo ya duka, mikono nyuma, kola juu, akalinyoosha kwa kiganja na kumkabidhi mzee. Mzee alifungua mfuko wake mkunjo baada ya mkunjo, akalitia ndani. Kofia dada aliichukua mwenyewe. Akavaa viatu, akatafuta leso, akafunga kichwa kwa namna ambayo sikuwahi kumwona akifunga, chini mpaka kwenye nyusi.

Mzee alitangulia kwenye ngazi. Nilisikia mkono wake ukipapasa ukuta gizani, kama wangu jana yake. Dada alisimama kizingitini, akachukua simu yake kutoka kwenye mto, akaitazama, akaongeza sauti ya mlio mpaka mwisho. Ujumbe wa kisanduku ungemkuta ngazini au barabarani. Nilielewa kwamba alitaka kuusikia, na kwamba hakutaka nimwone akiusikia.

"Subiri nitoke," alisema.

Nilikaa kitandani, kisanduku wima kati ya viganja vyangu, na nikamtazama akitoka, akauvuta mlango nyuma yake mpaka kitasa kikagonga.